Usilaumu ua la mwembe: kifua cha mtoto kina maadui wengine

Ikiwa umewahi kupita Makueni mwezi wa Julai, bila shaka unaijua sura ya nchi ninayoizungumzia. Nyasi zimekauka, barabara za udongo zinatimua vumbi, asubuhi kuna baridi na mawingu. Lakini miembe imechanua. Kutoka Wote kuelekea Kathonzweni, boma baada ya boma, miti imevikwa vishada vya maua madogo yenye rangi ya krimu iliyochanganyika na wekundu, na ukisimama chini yake utasikia mvumo wa nyuki na nzi. Kwa mkulima, hiyo ndiyo ada ya shule ya mwaka ujao ikining'inia mtini.

Asubuhi moja ya msimu kama huo, bibi mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amemshika mkono mjukuu wake, msichana wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amejifunga leso kifuani juu ya sweta, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

“Daktari, nimekuja kabla mwanangu hajaikata miti,” bibi aliniambia hata kabla ya kuketi.

“Miti ipi, susu?” nilimwuliza.

“Miembe. Amenoa shoka. Anasema mtoto ni bora kuliko maembe. Kila miti ikichanua, huyu hulala ameketi.”

Nilifungua kitabu cha kliniki cha mtoto huyo. Katika muda wa miaka miwili alikuwa ameandikiwa dawa ya maji ya kikohozi na viuavijasumu mara tatu. Mwandiko ulikuwa wangu. Mara zote tatu nilikuwa nimetibu kikohozi cha siku hiyo, bila kuuliza kwa nini kinarudi.

Makala haya ni ya bibi huyo na mwanawe, na ni yako wewe uliye na mtoto ambaye kifua chake hubana kila msimu wa maua. Ninalotaka kukuambia ni hili: ua unaloliona na kulinusa mara nyingi silo linalomuumiza mtoto. Ukilikata, utapoteza mti na maradhi yatabaki pale pale. Maradhi yenyewe yana jina, na yana dawa.

UKAMBANI HUCHANUA LINI?

Nchi za Ulaya zina majira yao ya kuchipua, ambapo mashamba huchanua kwa pamoja baada ya baridi kali. Sisi hatuna majira hayo. Kitui na Makueni huchanua kwa zamu, kwa kufuata mvua.

Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo tegemeo kubwa la wakulima wa Ukambani. Hata kabla haijashuka, miti ya migunga kama muthiia huwa mara nyingi imeshatangulia kuchanua maua meupe yenye harufu nzuri, na wafuga nyuki wa Mwingi hujua kwamba mizinga itajaa. Baada ya mvua kunyesha kwa wiki kadhaa, kunde na ndengu huchanua mashambani. Mbaazi za kienyeji, zilizopandwa wakati wa vuli, hungoja hadi masika yapite ndipo zitoe maua yao ya manjano. Halafu inafika zamu ya miembe, wakati wa baridi na ukavu, kati ya Juni na Septemba.

Ukisafiri kutoka Kibwezi, ukavuka mto Athi na kuelekea Mutomo hadi mjini Kitui, utakuta kitu kimechanua karibu kila mwezi ambao ardhi ina unyevu kidogo. Kwa sababu hiyo, mtu yeyote mwenye kifua kibovu atapata ua la kulaumu wakati wowote akohoapo.

UA LINALOONEKANA NA UA LISILOONEKANA

Ili mmea uzae, unga wake wa kiume, uitwao chavua, lazima ufike kwenye sehemu ya kike ya ua. Mimea ina njia mbili kuu za kuufikisha.

Njia ya kwanza ni kumtuma mdudu. Mmea unaotuma mdudu hutengeneza ua lenye rangi, harufu na utamu ili kumvutia. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, ili ishike miguuni mwa nyuki au nzi. Mwembe ni wa kundi hili. Mbaazi, kunde na migunga pia. Chavua ya aina hii hairuki mbali na mti wake.

Njia ya pili ni kuutumia upepo. Mmea wa namna hii hauna haja ya rangi wala harufu, kwa kuwa upepo hauna macho wala pua. Hutoa chavua nyingi sana, kavu na nyepesi, inayopeperuka hewani. Nyasi ni za kundi hili. Je, ni lini mara ya mwisho ulipotazama ua la nyasi? Wengi wetu hatujui hata kama nyasi zina maua. Lakini chavua ya nyasi ni miongoni mwa zile zinazosumbua pua, macho na vifua vya watu wengi zaidi duniani.

Si ajabu kwamba hata wataalamu walichukua muda mrefu kulijua jambo hili. Mwaka wa 1819, daktari Mwingereza aitwaye John Bostock aliwaeleza wenzake jijini London maradhi yaliyokuwa yakimshika yeye mwenyewe kila mwaka: macho kuwasha, mafua na kifua kubana. Watu wa wakati huo walilaumu joto la kiangazi au harufu ya majani makavu. Ilikuwa mwaka wa 1873 ndipo daktari mwingine, Charles Blackley wa Manchester, ambaye naye alikuwa na maradhi hayo, alipochapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kutumia chavua za mimea mbalimbali. Alirusha tiara zikiwa zimefungwa vipande vya kioo vyenye kunata, akanasa chavua iliyokuwa juu angani. Alionyesha kwamba mkosaji mkuu alikuwa chavua ya nyasi.

Nguvu ya chavua hiyo ilionekana wazi tarehe 21 Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia. Dhoruba ya radi ilipita mji huo wakati nyasi zimechanua. Unyevu ulipasua chembe za chavua zikawa vipande vidogo zaidi, vinavyoweza kupenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu ya watu walikimbilia hospitalini wakihema, na watu 10 walifariki. Wengi wa walioshikwa hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu.

Sisemi kwamba hakuna mtu anayeweza kudhuriwa na ua la mwembe. Wapo wachache, hasa wanaofanya kazi chini ya mti uliochanua kutwa nzima. Wapo pia wanaotoka vipele na malengelenge wakiguswa na utomvu wa embe, kwa sababu mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Lakini hao ni wachache, na kukata miti ya boma zima si tiba ya kuanzia.

JULAI KUNA NINI KINGINE?

Nilimwuliza bibi swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka miwili kabla: “Na mwezi wa Desemba, kifua kinambana?”

Alifikiri kidogo. “Desemba pia, tukipalilia.”

“Miembe huwa imechanua Desemba?”

“La, daktari. Desemba tunachuma.”

Hapo ndipo mwembe ulipoanza kuachiliwa. Tuliendelea. Mtoto alikohoa zaidi saa ngapi? Usiku wa manane na alfajiri. Akikimbia na wenzake je? Alikohoa na kuachwa nyuma. Alilala wapi? Katika nyumba ya jikoni pamoja na susu, penye joto, kando ya mafiga matatu. Je, kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye kifua? Mamake mtoto aliwahi kuwa nacho alipokuwa mdogo.

Sasa msomaji, tazama mambo yanayokutana mwezi wa Julai katika boma la Ukambani, mbali na maua.

Kwanza ni baridi. Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa za mtu mwenye pumu.

Pili ni mafua. Watoto hukaa pamoja ndani, madirisha yamefungwa, na virusi vya mafua hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kwa watoto wenye pumu, hicho ndicho kichocheo kikubwa kuliko vyote.

Tatu ni moshi. Moto wa kuni unawashwa mapema na kuzimwa usiku, na mara nyingi uko katika chumba kile kile ambacho mtoto analala.

Nne ni mablanketi yaliyotolewa sandukuni. Humo huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huamsha mzio, au aleji kama wengi wanavyosema.

Tano ni dawa inayonyunyiziwa miembe. Nitalirudia jambo hili, kwa maana ni zito.

Kwa hiyo ua la mwembe lilikuwa kama kalenda tu. Liliwaambia watu wa boma lile kwamba Julai imefika, na Julai ilikuja na mizigo yake mingine. Desemba nayo ilikuja na chavua ya nyasi zilizochanua baada ya vuli, wakati mtoto yuko shambani akiwasaidia wakubwa kupalilia.

PUMU NI NINI HASA?

Ndani ya kifua, hewa hupita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti. Mwenye pumu ana mirija iliyovimba kidogo wakati wote, hata siku anayojisikia mzima. Ikikutana na kichocheo, misuli inayoizunguka hujikaza, utando wa ndani huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Kuvuta hewa kunakuwa kugumu na kuitoa kunakuwa kugumu zaidi, ndiyo sababu unasikia mlio kama wa filimbi.

Dalili zake ni nne: kikohozi, hasa cha usiku na alfajiri, mlio huo wa filimbi, kifua kubana, na kuishiwa pumzi. Dalili hizi huja na kuondoka. Mtoto anaweza kukohoa usiku kucha, kisha akafika kwa daktari saa nne asubuhi akiwa mzima. Ikiwa daktari hataulizia usiku, ataandika dawa ya kikohozi, kama nilivyofanya mimi.

Pumu si kifua kikuu. Haiambukizi. Si laana wala aibu, na haizuii mtoto kusoma, kucheza mpira au kuolewa. Viuavijasumu haviitibu, kwa sababu haisababishwi na bakteria. Dawa za maji za kikohozi haziitibu pia. Wapo wazazi wanaopeleka mtoto akakatwe kimio kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Tafadhali usifanye hivyo. Kukata kimio hakufungui mirija iliyo ndani ya kifua, na watoto wamevuja damu na kuambukizwa maradhi kwa wembe huo.

Wala usiidharau. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kutokana nayo. Wengi wa waliofariki walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako maradhi hayatambuliwi mapema na dawa hazifiki.

DAWA MBILI, KAZI MBILI

Dawa bora ya pumu ni ile inayovutwa moja kwa moja hadi mapafuni kwa kutumia kikopo kidogo kiitwacho inhela. Wazazi wengi huogopa inhela wakidhani mtoto “ataizoea” asiweze kuiacha. Hofu hiyo haina msingi. Dawa ya kuvuta huenda pale inapohitajika, kwa kipimo kidogo kuliko kidonge.

Kuna aina mbili, na ni lazima uzitofautishe. Ya kwanza ni ya kufungua, kama vile salbutamoli, ambayo kikopo chake mara nyingi huwa cha buluu. Hulegeza misuli na kuleta nafuu ndani ya dakika chache. Ya pili ni ya kukinga, yenye steroidi kidogo kama vile beklometasoni, na mara nyingi kikopo chake ni cha hudhurungi. Hii hupunguza ule uvimbe wa daima. Hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, na faida yake huonekana baada ya siku au wiki kadhaa. Baada ya kuivuta, mtoto asukutue kinywa na kutema maji.

Ya kufungua ni kama kuzima moto uliokwisha kuwaka. Ya kukinga ni kuondoa kuni kabla moto haujawaka. Anayetegemea ya buluu peke yake huishi akizima moto, na siku moja moto utamshinda. Ndiyo sababu, tangu mwaka wa 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12 watibiwe kwa dawa ya kufungua pekee. Wanapaswa kupata pia steroidi ya kuvuta, na kuna inhela inayochanganya dawa mbili katika kikopo kimoja. Muulize daktari wako juu yake.

CHUPA YA SODA INAYOOKOA PUMZI

Mtoto hawezi kubonyeza inhela na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa humgonga kooni na kubaki hapo. Anahitaji chombo cha kati cha kushikilia dawa ili aivute polepole. Kinachouzwa dukani ni ghali kwa wengi. Habari njema ni kwamba unaweza kukitengeneza nyumbani. Mwaka wa 1999, madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha dukani.

Fanya hivi. Osha chupa ya nusu lita kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa. Toboa tundu kwenye kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa inhela. Ingiza inhela hapo ikaze, na uzibe mianya kwa gundi. Mtoto ashike shingo ya chupa kwa midomo yake bila kuacha nafasi. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, kisha mtoto avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita humo humo chupani. Ikiwa ameandikiwa mibonyezo miwili, tikisa tena na urudie. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso, ambacho mhudumu wa afya atakuonyesha.

Nilimfanyia hivyo mjukuu wa susu pale pale kliniki. Nilimpima nguvu ya pumzi kwa kipimo kidogo cha kupuliza, nikampa salbutamoli kwa chupa, nikampima tena baada ya dakika 15. Mshale ulikuwa umepanda kwa kiasi kikubwa. Mabega yalitulia. Bibi alimtazama, akaniuliza kwa upole kwa nini jambo hili halikufanywa zamani. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwomba radhi.

MACHO NAYO HUWASHA

Kuna maradhi ya mzio ya macho ambayo madaktari wa Ulaya waliyapa jina linalotokana na majira yao ya kuchipua, kwa kuwa huko hushika watoto wakati maua yanapoanza. Hapa kwetu, penye joto na vumbi, yanaweza kudumu mwaka mzima. Huwashika zaidi watoto wa kiume. Macho huwasha sana, huwa mekundu au ya hudhurungi, hutoa ute unaovutika kama uzi, na mtoto hukimbia mwanga. Wengi hupona wakibalehe.

Kitambaa safi chenye maji baridi huleta nafuu, na yapo matone ya mzio yaliyo salama. Mtoto asifikiche macho, kwani kufikicha kwa muda mrefu kunaweza kuharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho. Zaidi ya yote, usinunue matone ya steroidi dukani ukaendelea kuyatumia mwenyewe. Yanaleta nafuu ya haraka, lakini yakitumiwa miezi mingi bila uangalizi yanaweza kuleta presha ya jicho au mtoto wa jicho, na hatimaye upofu. Wala usimtie mtoto maji ya majani machoni.

DAWA YA MIEMBE NA PUMZI ZA WATU

Sasa nirudi kwenye jambo nililoahidi. Miembe ikichanua, mkulima hunyunyizia dawa za kuvu na za wadudu ili kuyaokoa maua. Babake mtoto yule alifanya hivyo kila Jumamosi, na binti yake ndiye aliyemchotea maji ya kuchanganyia. Unga wa salfa, unaotumiwa dhidi ya ukungu mweupe wa maua, huwasha macho na njia za hewa. Baadhi ya dawa za wadudu ni hatari zaidi, kwa sababu huathiri mishipa ya fahamu.

Mtu aliyedhurika na dawa za namna hiyo hutokwa na mate na machozi, hutapika, huhara, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka na kifua hubana. Usifikiri ni pumu tu. Mtoe mahali hapo, mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe mwili kwa sabuni na maji mengi, nawe ukijikinga mikono. Usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitalini haraka pamoja na kibandiko cha dawa hiyo, kwa maana ipo dawa ya kumtibu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasiwepo shambani wakati wa kunyunyiza wala siku ambazo kibandiko kinakataza watu kuingia. Vaa gambuti, glavu, barakoa na nguo ndefu, na zioshe peke yake. Usinyunyize upepo ukivuma. Usitumie chupa ya dawa kuwekea maji au mafuta, hata ukiiosha mara kumi. Na usinyunyize dawa ya wadudu mchana wakati maua yako wazi. Nyuki na nzi walio mtini ndio wanaokutengenezea maembe. Ukiwaua, umejiua mwenyewe kimapato, na jirani yako wa mizinga umemwua pia.

ASALI JE?

Siwezi kuandika juu ya Kitui nisiulizwe habari za asali. Kijiko cha asali kinaweza kutuliza kikohozi cha mafua kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Hakiponyi pumu, na kula asali ya kwenu hakuzuii mzio wa chavua. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoleta ugonjwa wa kupooza kwa watoto wachanga.

DALILI ZA HATARI

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja, mchana au usiku, ikiwa:

Hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, au mtoto mdogo hawezi kunyonya wala kula.

Ngozi kati ya mbavu au chini ya koo inaingia ndani kila anapovuta pumzi.

Midomo au ulimi umegeuka rangi kuwa kama buluu au kijivu.

Amelegea, amechanganyikiwa au anasinzia.

Mlio wa filimbi umenyamaza ilhali bado anahangaika kupumua. Huko si kupona, hewa haipiti.

Dawa ya kufungua haimsaidii, au nafuu yake haifiki saa nne.

Mkiwa njiani, mketishe wima na umpe dawa ya buluu kwa chupa: mibonyezo minne, mmoja mmoja, na urudie baada ya dakika 20 ikiwa hamjafika. Usingoje kupambazuke.

SHOKA LILIRUDI DARINI

Babake mtoto alikuja kliniki wiki iliyofuata. Alikuwa mtu mpole, na niliona haya kumfikiria kama mtu wa kukata miti ovyo. Alikuwa baba aliyelala macho usiku mwingi akimsikiliza mwanawe akihema, na akawa tayari kutoa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo shambani. Tuliongea kwa muda mrefu. Kitanda cha mtoto kilihamishwa kutoka nyumba ya jikoni. Mablanketi hufuliwa na kuanikwa juani. Binti hachoti tena maji ya dawa. Inhela ya kukinga huvutwa asubuhi na jioni, na chupa ya soda imewekwa juu ya kabati.

Pumu haijaondoka. Alibanwa tena Desemba ile, lakini kidogo, na waliituliza nyumbani kabla ya kuja kuniona. Julai iliyofuata miembe ilichanua kama kawaida, na bibi aliniletea habari kwamba mjukuu wake hulala chali.

Nawe msomaji, kabla hujalilaumu ua, jiulize maswali yale manne: Anakohoa saa ngapi? Anakohoa miezi gani mingine? Analala wapi? Nani mwingine katika ukoo? Yaandike majibu kwenye karatasi, uende nayo kwa daktari. Na daktari wako akikuandikia dawa ya kikohozi kwa mara ya tatu bila kuyauliza, muulize wewe. Mimi ningeshukuru kuulizwa.